Mtaro wa Shamba Lako Unaishia Wapi?

Ukifika Magogoni, Dar es Salaam, pale watu wanapopanda kivuko kwenda Kigamboni, utawaona mama lishe wakichemsha chai. Maji yale yanatoka wapi? Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya mji ule huvutwa kutoka Mto Ruvu. Ruvu huanza katika milima ya Uluguru, na Mto Mgeta huingia humo. Kabichi ya Mgeta hupakiwa kwenye lori kwenda kuliwa Dar es Salaam. Maji ya mashamba ya Mgeta nayo huenda huko huko, bila lori.

Mitambo ya Ruvu huyasafisha. Lakini jirani yako anayeteka mtoni kwa ndoo hana mtambo.

Mimi ni bwana shamba. Sisemi mtaro ni mbaya. Shamba la bondeni lisipotolewa maji, mizizi hukosa hewa na mahindi huwa ya njano. Ila mkulima mmoja aliniambia, "Maji yakishatoka kwangu si yangu tena." Nikamwonyesha maji yenyewe. Yalikuwa mekundu kwa udongo wake.

Na mbolea ya chumvichumvi imo humo. Fosfeti hushika kwenye tope na kwenda nalo. Naitreti huyeyuka, wala huioni kwa macho. Zikifika penye maji yaliyotulia huotesha mwani, na samaki hukosa hewa. Naitreti ikizidi katika maji ya kunywa, mtoto mchanga anayekorogewa maziwa kwa maji hayo aweza kuugua, damu yake ikashindwa kubeba hewa. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi naitreti. Wengi hawalijui hili.

Basi, mtaro usishuke mlima moja kwa moja. Uchimbe kukingama mteremko, uteremke kidogo kidogo. Mwisho wake chimba shimo pana, maji yatulie. Tope litakalobaki lirudishe shambani, ni mali yako hiyo. Kati ya shimo na mto acha majani na matete. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kuharibu ukingo wa mto ndani ya mita 60. Najua, mita 60 ni nyingi kwa mwenye shamba dogo.

Mbolea usiiweke wakati wingu zito limetanda. Igawe mara mbili, uifukie. Pampu ya dawa usiioshee mtaroni. Maji yake yamwage shambani, mbali na mtaro.