Kikapu cha Kogo

Ilikuwa siku ya soko Kiptere. Ajuza mmoja, ambaye wajukuu humwita Kogo, alikuwa ameketi kando ya rundo la mananasi akisokota nyuzi za katani juu ya paja. Mjukuu wake, mwanafunzi wa chuo kikuu, alimfikia akiwa na mfuko mwororo mfano wa kitambaa.

"Kogo, tangu serikali ipige marufuku mifuko ya plastiki mwezi Agosti 2017, sisi hutumia hii. Wewe bado wasuka?"

Kogo aliupokea, akachomoa uzi mmoja, akaugusisha kwenye kaa la mchoma mahindi. Uzi haukuwa jivu. Uliyeyuka, ukawa tone gumu.

"Mjukuu wangu, hii ni plastiki iliyovaa joho."

Hakukosea. Mifuko hiyo ni ya polipropilini, na mwaka 2019 NEMA ilitangaza kuizuia.

Mintarafu ya vifungashio, nchi ya chai ina mafunzo mawili. Majani mabichi huendelea kupumua baada ya kuchumwa. Yakifungiwa ndani ya plastiki hupata joto na kuwa mekundu kabla ya kufika kiwandani. Ndiyo maana kikapu cha mgongoni kiliwafaa wachumaji: matundu yake yalikuwa na kazi. Chai iliyokaushwa, kwa upande mwingine, hubakiwa na unyevu wa asilimia 3 hivi, ilhali katani hunyonya maji. Gunia pekee haliwezi kuihifadhi.

Hapo ndipo wataalamu huchanganya nyuzi za mimea, ziwe za katani au za majani ya nanasi, na gundi, wakapata kifungashio kigumu. Nyuzi hubeba uzito, gundi huzishikanisha. Gundi ya wanga huoza pamoja na nyuzi, lakini maji huilegeza. Gundi ya plastiki hustahimili maji, lakini haiozi. Wahenga walinena kuwa kamba hukatikia pembamba. Hapa pembamba si katani, ni gundi.

Mjukuu alimweleza Kogo hayo yote. Kogo alisikiliza bila kuacha kusokota. Mtamba wake alikuwa amekufa miaka kadhaa nyuma. Alipopasuliwa, tumboni mlikutwa mifuko.

"Na hiyo gundi yenu," aliuliza hatimaye, "ng'ombe akiila itakuwaje?"

Mjukuu hakuwa na jibu. Aliketi chini, akachukua fungu la katani, akaanza kujifunza kusokota.