Aliyebaki Kikosini

Barua ya uhamisho huandikwa kwa jina la mtu mmoja, lakini husomwa na wengi. Anayehamishwa hufunga virago, huagana na majirani na kuanza safari, na mawazo yake huwa yamekwisha kutangulia kule aendako. Wanaobaki ndio waamkao kesho yake na kukuta nafasi yake i wazi gwarideni, zamu yake ya ulinzi haina mtu, na ile kazi aliyokuwa akiifanya bila kuambiwa haijulikani sasa ni ya nani. Katika makambi ya jeshi na kota za polisi jambo hili ni la kawaida mno, hata watu hawaketi kulifikiri. Humsifu aliyeondoka na kumwombea heri, wakamsahau yule ambaye tangu siku ile atabeba mizigo miwili kwa mshahara ule ule.

Wahenga walisema kwamba mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Hawakueleza ni ndege gani atakayetulia kwanza, wala kwa njia gani. Jibu moja lilipatikana mbali sana na makambi ya Afrika, katika mji wa baridi kali uitwao Edmonton, jimboni Alberta, nchini Kanada.

Mchezo wa mpira wa magongo si mgeni Afrika ya Mashariki. Katika Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huo, lililofanyika Barcelona mwaka 1971, timu ya Kenya ilishika nafasi ya nne. Lakini huo ni ule wa uwanja wa nyasi. Wakanada huucheza juu ya barafu, wachezaji wakivaa viatu vyenye vyuma vikali chini yake, na badala ya mpira hupiga kisahani kizito cha mpira mgumu. Kila upande huwa na watu sita: golikipa, walinzi wawili na washambuliaji watatu. Kwa kuwa mbio zake ni kali mno, safu moja ya washambuliaji hucheza kwa muda wa dakika moja hivi, kisha hutoka ikapumzika na nyingine ikaingia. Kwa hiyo hata timu yenye mchezaji bora kuliko wote haiwezi kumtegemea yeye peke yake. Sehemu kubwa ya mchezo yeye huwa ameketi, na wenzake ndio wanaopambana.

Timu ya Edmonton, iitwayo Oilers, iliingia katika ligi kuu ya NHL mwaka 1979. Msimu huo ilikuwa na vijana wawili wa miaka 18, waliozaliwa mwezi mmoja, Januari 1961. Mmoja alikuwa Wayne Gretzky, mwenyeji wa Brantford katika jimbo la Ontario. Wa pili alikuwa Mark Messier, mzaliwa wa Edmonton yenyewe. Gretzky alikuwa mwembamba, mpole wa mwendo, mwenye kuona pasi kabla wengine hawajaidhania. Messier alikuwa mtu wa nguvu na kasi, mwenye hasira ya mchezo, ambaye wapinzani walimwogopa. Wote wawili walikuwa washambuliaji wa kati. Yasemwa kuwa fahari wawili hawakai zizi moja. Lakini hawa walikaa, tena kwa urafiki, kwa sababu kila mmoja aliongoza safu yake.

Katika ligi hiyo mchezaji huhesabiwa pointi kwa bao alilofunga na kwa pasi iliyozaa bao. Msimu wa 1985–86 Gretzky alipata pointi 215, hesabu ambayo hakuna mwingine aliyeifikia. Oilers wakatwaa Kombe la Stanley mwaka 1984, 1985, 1987 na 1988. Messier alikuwa mchezaji bora wa mechi za kuwania kombe mwaka 1984, lakini jina la rafiki yake ndilo lililotajwa kwanza kila mahali. Nahodha alikuwa Gretzky, na watetezi wakali wa timu pinzani walipangwa kumzuia yeye.

Ndipo ikaja tarehe 9 Agosti 1988. Katika ligi hiyo timu yaweza kumtoa mchezaji na kupokea wengine badala yake, kama wafugaji wanaobadilishana ng'ombe. Siku hiyo Edmonton ilimtoa Gretzky, pamoja na wenzake wawili, kwa timu ya Kings ya Los Angeles. Ikapokea mshambuliaji kijana Jimmy Carson, kijana mwingine aitwaye Martin Gelinas, haki ya kuchagua wachezaji chipukizi katika miaka mitatu, na dola milioni 15 za Marekani. Gretzky alilia mbele ya waandishi wa habari. Mbunge mmoja aliitaka Serikali ya Kanada iuzuie uhamisho huo. Dunia yote ya mchezo ule iliuliza swali moja tu: Gretzky atafanya nini huko Los Angeles?

Swali la pili halikuulizwa na wengi. Messier, aliyepewa unahodha, atakuwa nani sasa?

Swali hilo si dogo kama linavyoonekana. Mtu aliyefanya kazi miaka tisa kando ya mwenzake mkubwa hawezi kujua kwa hakika kiasi gani cha sifa zake ni chake mwenyewe. Alifanikiwa kwa kuwa anaweza, au kwa kuwa adui alikuwa akimtazama mwingine? Sasa watetezi waliokuwa wakimfuata Gretzky walimgeukia yeye. Msimu wa mwisho wakiwa pamoja, Messier alipata pointi 111. Msimu wa kwanza peke yake, 1988–89, alipata 94. Timu ilishuka kutoka pointi 99 za msimamo wa ligi hadi 84. Kisha, kana kwamba bahati ilitaka kuwadhihaki, mechi za kuwania kombe ziliwakutanisha na Los Angeles katika hatua ya kwanza. Edmonton walitangulia kwa ushindi wa mechi tatu dhidi ya moja, halafu wakapoteza tatu mfululizo na kutolewa. Aliyewatoa ni yule yule waliyekuwa wakimlilia.

Mwezi Agosti mwaka 1989 sanamu ya shaba ya Gretzky ilisimamishwa nje ya uwanja wa Edmonton. Msomaji na afikirie maana yake kwa wale waliobaki: kila siku ya mechi ya nyumbani kupita penye sanamu ya mtu aliyeondoka, kisha kuingia ndani kufanya kazi yake. Tarehe 15 Oktoba mwaka huo Gretzky aliivunja rekodi ya Gordie Howe ya pointi 1,850, na aliivunja katika uwanja huo huo, akiwa na jezi ya Los Angeles. Mchezo ulisimamishwa, watu wa Edmonton wakamshangilia mgeni. Mchezo ulipoendelea, mgeni huyo akafunga na bao la ushindi.

Carson naye, aliyekuja badala ya Gretzky, hakuwa mchezaji dhaifu. Alikuwa na miaka 20 tu, na msimu wake wa kwanza Edmonton alifunga mabao 49. Kwa timu nyingine yoyote hiyo ingekuwa hazina. Lakini watu walimpokea kama wasemavyo, mgeni njoo mwenyeji apone, na mwenyeji hakupona. Kila bao lake lilipimwa kwa mizani ya mtu mwingine. Mwanzoni mwa msimu wa 1989–90 aliiacha timu baada ya mechi nne, na mwezi Novemba akapelekwa Detroit. Hapa pana fundisho kwa kila mkuu wa kituo: anayeletwa kujaza nafasi ya mtu mashuhuri hupewa mzigo usioandikwa katika barua yake, na asiposaidiwa kuubeba huanguka, hata akiwa hodari.

Messier alifanya jambo ambalo Carson hakupewa nafasi ya kulifanya. Hakujaribu kuwa Gretzky. Pasi za ajabu kutoka nyuma ya goli hazikuwa kazi yake. Alizidisha yale yaliyokuwa yake tangu mwanzo: nguvu, kasi, na kukataa kushindwa. Kutoka Detroit, kwa ajili ya Carson, walikuja Adam Graves, Joe Murphy na Petr Klima. Graves, Murphy na yule Gelinas, vijana wasiozidi miaka 22, waliunganishwa kuwa safu moja. Hivyo ule uhamisho uliowavunja moyo watu ulizaa safu nzima, lakini safu changa iliyohitaji kuona mbele yake mtu mzima asiyetetemeka.

Msimu huo Messier alipata pointi 129, kuliko alizowahi kuzipata akiwa na rafiki yake. Mechi za kombe zilianza vibaya. Winnipeg waliwatangulia kwa mechi tatu dhidi ya moja, na safari hii Edmonton ndio waliozipindua. Waliokuja baadaye ni Los Angeles, wakashindwa mechi nne mfululizo. Mbele ya Chicago Oilers walikuwa nyuma kwa mechi mbili dhidi ya moja, wakacheza ugenini. Usiku ule Messier aliingia barafuni kama mtu aliyedaiwa deni, akafunga mabao mawili na kuugeuza mkondo wote. Katika fainali na Boston mechi ya kwanza ilifika nyongeza ya tatu ya muda, hata Klima, yule aliyetoka Detroit, akaimaliza. Tarehe 24 Mei 1990 Edmonton walitwaa kombe lao la tano, na la kwanza bila ya Gretzky. Messier, akiwa katika shangwe, alimtaja rafiki yake aliye mbali.

Mwaka huo Gretzky ndiye aliyekuwa na pointi nyingi kuliko wote katika ligi, 142. Lakini ligi ile ina tuzo mbili tofauti. Moja, ya Art Ross, hupewa mwenye pointi nyingi, na hiyo yataka hesabu tu. Nyingine, ya Hart, hupewa mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi kwa timu yake, na hiyo hupigiwa kura. Ya kwanza ilikwenda kwa Gretzky. Ya pili ilikwenda kwa Messier, aliyemshinda Ray Bourque wa Boston kwa tofauti ya pointi mbili tu za kura. Waliopiga kura walitambua kuwa wingi wa kazi ni jambo moja, na kuhitajiwa ni jambo jingine.

Lakini haifai hadithi hii isimuliwe kana kwamba pengo lolote huzibika. Tarehe 4 Oktoba 1991 Messier naye alihamishwa, akaenda New York. Huko, mwaka 1994, aliiongoza timu ya Rangers kutwaa kombe ambalo haikulipata tangu 1940. Nyuma yake Edmonton ilijikongoja kwa muda, kisha kuanzia msimu wa 1992–93 ikakosa hata kuingia katika mechi za kombe kwa misimu minne mfululizo. Hadi kufikia mwaka 2025 ilikuwa haijalitwaa tena kombe hilo. Kikosi chaweza kuupokea uhamisho mmoja, labda na wa pili. Anayebaki naye ana mwisho wa nguvu zake, na wakubwa wasiolijua hilo hudhani kuwa kwa kuwa kazi haijasimama, basi hakuna kilichopungua.

Haya yanahusu nyumba za askari kama yanavyohusu vikosi vyao. Baba apelekwapo mpakani kwa miezi mingi, watu huuliza habari za baba. Hilo ni haki yake, kwa kuwa yu katika hatari. Lakini ndani ya kota yuko mama ambaye tangu siku ile ndiye alipaye ada, ndiye aamkaye usiku mlango ukigongwa, na ndiye ajibuye maswali ya watoto asiyokuwa na majibu yake. Yuko na kifungua mimba, msichana wa miaka 13 pengine, ambaye amejifunza kuchota maji mapema zaidi na kuwatuliza wadogo zake bila kuamriwa na mtu. Wasemao kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi walijua jinsi ilivyo rahisi kuuona mzigo huo mwepesi.

Baba arudipo likizo hukuta nyumba imesimama. Akiona imesimama aweza kudhani kuwa haikuyumba. Hapo ndipo tuzo ya pili inapostahili kutolewa, nayo haihitaji kikombe wala fedha. Amwite mkewe kwa heshima, amwite na binti yake, na kabla ya kusimulia ya mpakani aulize kwanza ya nyumbani: ni nani aliyefanya nini, siku gani, na ilikuwa vigumu kiasi gani. Kisha asikilize mpaka mwisho. Wala asiharakishe kuirudisha kila kazi mikononi mwake siku ya kwanza, maana mwenye kubeba mzigo vizuri hupenda aombwe kuutua, asinyang'anywe.

Na mkuu wa kikosi naye, amalizapo kusoma jina la anayehamishwa mbele ya gwaride, na amtafute jioni yule atakayebaki.