Pushapu Mia Kila Siku: Kwa Nini Niliitoa Ile Video

Wasee, tangu Januari mnaniuliza ile chalenji ya pushapu ilienda wapi. Wengine mnadhani niliripotiwa. Hapana, niliitoa mwenyewe, na imenichukua muda kuandika sababu kwa sababu inaniaibisha.

Desemba nilikuwa ushago kwa Kukhu, Buyangu. Kama hujawahi kufika, ni upande wa kaskazini wa msitu wa Kakamega, ule upande unaosimamiwa na KWS. Asubuhi ukungu unalala juu ya miti, mbega wanaruka matawini kama wamelipwa, na mwanga unaingia polepole. Kwa mtu wa kurekodi video, hapo ni studio ya bure. Shida ni mtandao tu. Nilikuwa napanda kimlima nyuma ya boma nikiinua simu juu kama mtu anayeomba mvua, ndio video ipande.

Basi nikaanzisha chalenji: pushapu 100 kila siku, siku 30, bila siku ya kupumzika. Niliweka simu juu ya gunia la mahindi, nikavua shati, nikapiga. Video ya kwanza ilitembea kuliko kitu chochote nilichowahi kuposti.

Sasa hapa ndipo uongo ulipo. Zile 100 sikuwa napiga kwa mkupuo. Nilipiga 20 asubuhi, 20 baada ya chai, 20 kabla ya chakula cha mchana, hivyo hivyo hadi jioni, kisha nikakata na kuunganisha ionekane ni kitu kimoja. Tena nilikuwa na miaka miwili ya mazoezi mwilini. Hayo sikuyasema popote. Na kufikia siku ya tisa bega langu la kulia lilikuwa linauma kila nikishuka, kwa hivyo nikaanza kurekodi kutoka upande wa kushoto ili sura isinisaliti.

Binamu yangu, mtoto wa Senje, ana miaka 16. Yeye hakuwahi kupiga pushapu za maana maishani, labda zile za adhabu shuleni. Aliona namba za watazamaji zikipanda akataka kuwa ndani ya video. Nikamwambia, "Wewe fikisha mia kwanza." Nilisema kwa utani. Yeye akasikia amri.

Jioni moja akaamua kulipa na deni la siku alizokosa. Alipiga karibu 250, amejificha nyuma ya jiko, akianguka kifua chini, akipumzika kidogo, akiendelea. Kesho yake hakuweza kuinua mikono kunawa uso. Kukhu akadhani ameanguka kutoka kwa mti wa mapera. Mimi nikacheka, nikamwambia hayo maumivu ndiyo misuli inakua, vumilia. Nilikuwa na uhakika kabisa. Siku ya pili mikono ilikuwa imevimba na haikunjuki. Jioni akanivuta kando akaniambia kwa sauti ya chini, "Bro, nakojoa kitu kama strungi."

Nikamwambia anywe maji mengi. Kusema ukweli, nilifikiria pia kama hiyo ingekuwa video nzuri. Nimeandika hilo ili mjue akili yangu ilikuwa wapi.

Kukhu ndiye aliyemwokoa. Aliona mtoto hali, akamuuliza mara moja tu, akafunga leso na kuita boda. Hospitalini walimtundikia maji ya mshipa na kupima damu, akalazwa siku kadhaa. Daktari aliuliza nani alimwambia afanye hivyo. Binamu yangu hakujibu. Alinitazama tu, na Senje akageuka kunitazama pia.

Hicho kitu kina jina refu, rabdomayolisisi. Misuli ikifanyishwa kazi kupita kiasi, hasa misuli ambayo haijazoea, seli zake zinapasuka na kumwaga vilivyo ndani kwenye damu. Kimoja kati ya hivyo ni protini inayoitwa mayoglobini. Hiyo ndiyo inayofanya mkojo uwe wa rangi ya chai nyeusi, na ikiwa nyingi inaweza kuharibu figo. Maji ya mshipa yanasaidia figo kuisafisha. Usidhani ni ugonjwa wa watu legelege: Januari 2011, wachezaji 13 wa timu ya kandanda ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Iowa walilazwa hospitalini kwa tatizo hilohilo, baada ya mazoezi makali walipotoka likizo. Hao ni wanaume wa kunyanyua vyuma kila wiki, wenye makocha. Binamu yangu alikuwa na mimi.

Nikiwa nje ya wodi ndipo nilianza kusoma kitu ambacho ningesoma kabla ya kuweka simu juu ya gunia. Pushapu haijengi msuli wakati unapiga. Unapopiga, hasa ile sehemu ya kushuka, nyuzi za kifua, mabega na nyuma ya mikono zinapata majeraha madogo madogo. Kujenga kunafanyika baadaye, ukiwa umelala, ukiwa unakula, ukiwa unabishana na wasee kwa kijiwe. Mwili unaongeza kasi ya kutengeneza protini ya misuli kwa takriban saa 24 hadi 48. Maumivu nayo huwa makali siku ya pili au ya tatu, ndiyo maana unaweza kujiona shujaa Jumatatu na Jumatano ushindwe kuvaa fulana. Ukiupiga msuli uleule kwa nguvu zote kabla haujamaliza kujijenga, ni kama fundi anayepaka plasta huku wewe unagonga ukuta.

Ndiyo maana ushauri wa kawaida ni kuacha angalau saa 48 kati ya mazoezi mazito ya misuli ileile. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linasema watoto na vijana hadi miaka 17 wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku 3 kwa wiki, na watu wazima siku 2 au zaidi. Hakuna mahali wameandika mia.

Najua mtaniletea Kipchoge. Mnapenda kauli yake kwamba binadamu hana mipaka, mnaiweka chini ya kila video ya mtu anayetapika jasho. Lakini angalieni wiki yake ya Kaptagat. Mazoezi makali yalikuwa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Siku nyingine alikimbia taratibu, mwendo ambao ungeshangaa ni wa mtu aliyekimbia marathoni kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40 pale Vienna mwaka 2019. Sisi tulichukua kauli tukaacha ratiba.

Sisemi kupiga pushapu kila siku ni dhambi. Ukiwa umezoea, 10 au 15 za kuamsha mwili asubuhi, mbali na kiwango chako cha kushindwa, hazitakuua. Ni kama kutembea. Shida ni kujimaliza kila siku kwa sababu namba imeandikwa kwenye skrini.

Siku hizi mimi nafanya hivi. Kwanza unajua kiwango chako: piga hadi umbo lianze kuharibika, mgongo ukianza kubonyea simama hapo. Tuseme ni 20. Basi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa piga raundi 3 za 12, pumzika dakika mbili katikati. Kama 12 ni nyingi, piga ukiwa umeweka mikono juu ya benchi, au umepiga magoti, hakuna anayekuhesabia heshima. Wiki inayofuata ongeza moja au mbili. Siku za katikati nafanya miguu au natembea. Wale wanaoanza kutoka sifuri wanaweza kuanza na siku mbili tu kwa wiki. Na mle. Maharagwe, mayai, omena, kipande cha ingokho Kukhu akifurahi. Usiku wa kuskroli hadi saa nane unakula mazoezi yako kuliko siku uliyokosa kupiga.

Jifunzeni pia kutofautisha maumivu. Msuli mzima kuwa mzito na kuuma ukiugusa, hiyo ni kawaida, itapita. Kiungo kuchoma mahali pamoja kila ukifanya mjongeo uleule, kama bega langu, hiyo ni ishara ya kusimama. Niliacha kupiga kwa wiki tano. Na mkojo ukiwa mweusi, au mikono imevimba na haina nguvu kabisa, usimeze dawa ya maumivu ukangoja kesho, na usimuulize msee mwenye wafuasi. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Binamu yangu alipona. Aliambiwa asifanye mazoezi kwa wiki kadhaa kisha aanze polepole akiangaliwa. Aprili nilirudi Buyangu, nikamkuta anapiga 8 kwenye ukingo wa kisima, anasimama, anahema, anapiga 8 tena. Nikatoa simu kwa mazoea. Senje alikuwa anaanua nguo, akaniangalia tu. Nikairudisha mfukoni.

Video ilikuwa na watazamaji zaidi ya elfu 14 wakati naitoa. Sijui wangapi kati yao wana miaka 16. Kama uliihifadhi, ifute. Kama ulimtumia mtu, mtumie na hii.