Dilip Kumar na Deni la Huzuni

Yusuf Khan, mwana wa mfanyabiashara wa matunda, alizaliwa Peshawar mwaka 1922. Jina la Dilip Kumar alilipata Bombay, katika studio ya Bombay Talkies chini ya Devika Rani. Filamu yake ya kwanza, Jwar Bhata, ikatoka mwaka 1944.

Wakati ule waigizaji wengi walipaza sauti kama walioko jukwaani. Yeye aliishusha. Kabla ya neno alitanguliza kimya, mithili ya msomaji hodari wa shairi ajuaye kuwa pumziko nalo lina mizani yake. Si ajabu, kwani Kiurdu na ushairi wake alivipenda maisha yake yote. Katika Devdas (1955) mlevi wake hagombi wala hapigi mayowe. Anafifia taratibu kama taa iliyokwisha mafuta.

Lakini huzuni ile ilimdai. Kwa kufa na kuachwa mara kwa mara mbele ya kamera, nafsi yake yenyewe ilielemewa, hata tabibu akamshauri acheze michezo ya furaha. (Waliomwita mfalme wa majonzi husahau jinsi anavyochekesha katika Ram Aur Shyam ya 1967.) Azaad ilikuwa miongoni mwa matunda ya ushauri huo, nyingine Kohinoor, ya mwaka 1960. Kwa ajili ya wimbo mmoja tu wa Kohinoor alijifunza kupiga sitar. Sauti inayosikika humo ni ya Mohammed Rafi. Vidole vilivyo juu ya nyuzi ni vya Yusuf.