Akiba Isiyo na Mahali

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Wahenga hao hao walituachia methali nyingine: mali bila daftari hupotea bila habari. Anayeishika ya kwanza na kuisahau ya pili hujikuta akipita upande upande nyumbani mwake, maadamu akiba isiyojulikana ilipo haina faida kuliko kitu kilichopotea, ila tu huendelea kuchukua nafasi.

Hali hii hudhihirika katika vyumba vya kupanga vya miji yetu. Uvunguni mwa kitanda mna sanduku la bati lililorudi kutoka shule ya bweni, ambalo halijafunguliwa tangu hapo. Nyuma ya mlango pana gunia la nguo zisizomtosha mtu, hata mlango haufunguki ukafika ukutani. Pembeni vimerundikwa vitabu vya marudio ya KCPE, vikimngojea kitinda mimba, ilhali mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Mpangaji hulalamikia udogo wa chumba, naye huwaza kuhama. Aghalabu chumba ni kile kile. Vitu ndivyo vilivyoongezeka.

Ufinyu wa chumba si jambo geni kwa Waswahili. Katika nyumba za mawe za Lamu, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, nao kwa kawaida ulikaribia mita 3 tu. Vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, vikifuatana kutoka kiwandani hadi msana, kisha ndani. Kwa kuwa boriti haikurefuka, mafundi waliugeukia ukuta. Walijenga humo vidaka, ambavyo Waamu huviita zidaka, safu juu ya safu, vikapambwa kwa plasta ya chokaa. Humo vikapangwa vyombo vya kauri na vitu vya thamani. Sakafu ilibaki wazi, na jicho lililotua ukutani likapata kina. Aidha, kidaka kina mpaka wake: kikijaa, hakiongezeki. Mwenye nyumba alilazimika kuchagua cha kuonyesha. Si ajabu basi kwamba katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anapolitafakari anguko la Pate, anavitaja vidaka vilivyogeuka malazi ya ndege. Kidaka kilichopoteza vyombo vyake ni nyumba iliyopoteza watu wake.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo hili, kwani vitu vingine si vitu tu. Mjane mmoja wa Kisauni, Mombasa, aliachiwa na marehemu mumewe, aliyekuwa mwalimu, masanduku manne ya makaratasi ya mitihani. Masanduku hayo yalikaa mahali ambapo meza ingalikaa, na mjukuu wake akawa anaandikia kitandani, daftari likiwa juu ya magoti.

“Mama, tuyatoe haya,” mwanawe alimwambia.

“Ukiyatoa, mwanangu, utakuwa umemtoa babako mara ya pili.”

Hakuna aliyemjibu. Baada ya siku kadhaa mama mwenyewe aliyafungua masanduku, akasoma karatasi moja baada ya nyingine kwa muda wa wiki nzima. Alibakiza miwani, kalamu na daftari la mahudhurio lenye majina ya wanafunzi kwa mwandiko wa mumewe. Yaliyosalia yalichukuliwa na muuza njugu wa mtaani ili ayafanye vifungashio. Ubao ulipigiliwa ukutani, usawa wa macho, vitu hivyo vitatu vikawekwa juu yake. Chini yake pakawekwa meza. Tangu hapo, kila aingiaye huuliza miwani ile ni ya nani, naye mjane husimulia. Katika miaka yote ya masanduku hakuna mgeni aliyewahi kuuliza.

Ni dhahiri kwamba kupunguza vitu si kuwakana waliotuachia. Kinachofichwa chini ya rundo kimesahauliwa kwa jina la kuhifadhiwa. Basi atakaye nyumba pana na aanze kwa kukiuliza kila kitu mahali pake ni wapi na kinamfaa nani. Chenye jibu kipewe ukuta, rafu au uvungu. Kisicho na jibu kipewe mtu atakayekitumia. Nyumba njema si mlango, na wala si wingi wa vilivyomo. Ni nafasi ya walio hai kukaa, kusoma na kuwakumbuka waliotangulia.