Rangi Ilikuwa Bado Mbichi

Nilituma dipoziti ya elfu ishirini nikiwa kwa matatu, foleni imekwama Ngong Road, kabla hata sijamwambia Ami. Picha zilikuwa tatu. Mashua ya buluu, mstari mweupe ubavuni, imelazwa mchangani inang'aa kama gari la yadi. Muuzaji aliandika: "Dada, kuna mwingine anaitaka. Nikushikie ama nimpe?" Mimi ni mtu wa Nairobi sasa. Kwa maneno kama hayo nimewahi kulipia nyumba ambayo sikuwa nimekagua hata bomba lake. Nikabonyeza namba ya siri.

Ami ni ndugu mdogo wa marehemu babangu. Anavua pwani ya kusini, upande wa Shimoni, na ndiye aliyenisomesha. Nilipokuwa kidato cha pili aliuza injini ya boti yake, akarudi kwa tanga. Alituambia injini ilikuwa inamsumbua. Ukweli niliujua nikiwa chuo, na tangu hapo nimekuwa nikibeba deni ambalo hakuna mtu amewahi kunidai.

Chombo chake kilipozeeka kikafa, akaanza kuvua katika vyombo vya watu. Huko samaki wakiuzwa, pesa hugawanywa mafungu, na chombo nacho kina fungu lake. Fungu hilo huenda kwa mwenyewe, hata kama siku hiyo alikuwa kitandani. Nikaona basi, hapa ndipo nitalipa. Nilikuwa na laki moja na elfu themanini, nyingi yake pesa za chama. Mashua ya buluu ilikuwa laki moja na sitini. Nilitaka limalizike hilo jambo.

Nilishuka pwani mwezi wa Julai. Kusi ilikuwa inavuma, bahari imechafuka, vyombo vingi viko juu.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Ushalipa?"

Nikanyamaza.

"Kiasi gani?"

"Elfu ishirini tu."

Hakunigombeza. Alichukua kisu chake cha samaki tukaenda.

Muuzaji alianza kunionyesha rangi, tanga, na jina lililoandikwa kwa mkono mzuri. Ami hakuangalia chochote kati ya hivyo. Aliinama, akanusa ndani. Akagonga mbao moja moja kwa vifundo vya vidole, sikio karibu, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya mgonjwa. "Ubao mzima unaitika," aliniambia. "Uliooza unanyamaza." Akagusa rangi, kidole kikarudi buluu. "Imepakwa juzi. Mtu akipaka rangi kusi, chombo hakiendi popote, muulize anaficha nini."

Kisha akalala chali mchangani, akaanza kuchoma kwa ncha ya kisu karibu na mkuku, ule mti mkuu wa chini unaobeba mashua nzima. Mara ya kwanza kisu kiligota. Mara ya pili kiligota. Ya tatu kikaingia kama kwa mkate. Kuna wadudu wa baharini wanaokula mbao kutoka ndani. Kwa nje unaona vitundu vidogo tu, na ukiviziba na kupaka rangi, huoni chochote. Ndiyo maana wenye vyombo huvipandisha juu na kuunguza tumbo kwa moto wa makuti, kisha wakapaka shahamu na chokaa. Hii haikuwa imeunguzwa siku nyingi.

"Hiyo ni ndogo, mzee," muuzaji akasema. "Fundi anatia kiraka saa moja."

"Labda," Ami akasema. "Tuitie majini ilale."

Hapo ndipo nilijifunza kitu ambacho nisingewahi kukisoma popote. Mashua ya mbao iliyokaa juu muda mrefu lazima ivuje ukiishusha. Mbao zimekauka, zimeachana. Zikinywa maji zinavimba na kushikana tena. Kwa hivyo kuvuja usiku wa kwanza si hoja. Hoja ni usiku wa pili. Asubuhi ya kwanza tulitoa maji kwa kopo, muuzaji akatucheka. Asubuhi ya pili yalikuwa yamefika palepale, magotini. Hakucheka.

Mimi bado nilikuwa napiga hesabu. Dipoziti imeenda. Basi langu ni jioni. Nikamwambia, "Ami, tuichukue hivyo hivyo tu, tutaitengeneza polepole."

Aliniangalia muda mrefu. "Mwanangu, simu ikiwa mbovu inazima, unatafuta nyingine. Hii ikizima mimi niko nje ya mwamba na watoto wa watu wawili. Wewe unanunua, lakini ndani tutakaa sisi."

Niliona haya. Nilikuwa nimeinunua ile mashua kwa ajili yangu. Nilitaka picha ya kumtumia mama, nilitaka kulala bila lile deni. Mtu atakayekaa ndani sikumuuliza hata swali moja.

Dipoziti sikurudishiwa. Nilimuuliza Ami basi kwa nini tusinunue mpya. Akasema mpya ni nzuri, unaijua tangu ubao wa kwanza, lakini fundi anataka mbao kwanza na miezi ya kungoja, na pesa zangu zingeishia kabla ya mlingoti. Na ya faiba? Wadudu hawaili, ni nyepesi, lakini ikipasuka yeye hajui kuishona. "Ya mbao nikiisikia inalalamika, najua inaumwa wapi."

Mwishowe ilipatikana Septemba, kijiji cha pili. Ndogo, rangi imebabuka, sura ya kuonea huruma. Mwenyewe alikuwa mzee aliyechoka kuvua, na aliacha ilale majini usiku tatu bila kuulizwa. Ubavuni ilikuwa na mbao mbili mbovu na alizionyesha mwenyewe. Ami hakunikubalia kutuma pesa kwa simu tu. Tuliandikiana mbele ya viongozi wa BMU, wakakagua namba ya chombo na kuuliza kama kuna ndugu mwenye hisa. Laki moja kamili. Zilizobaki nilidhani ni chenji. Kumbe ndizo zilikuwa za mashua yenyewe: fundi na mbao, pamba na mafuta ya kalafati, kamba, nanga, tanga la kushonwa upya, na jaketi tatu za kuokolea ambazo Ami alisema ni ghali na mimi nikakataa kumsikiliza. Hapo angalau nilishinda.

Juzi alinitumia picha. Chombo kiko majini, kimeelemea kidogo upande mmoja, tanga lina viraka. Rangi bado hakina. Niliandika, "Ami, tutakipaka lini?"

Akajibu baada ya masaa mengi, maana alikuwa baharini: "Ukija Disemba. Kwanza nikione kikikauka."