Kila Chombo kwa Wimbile

Kamba hukatikia pabovu, ndivyo walivyonena wahenga. Uzi mwembamba wa ukulele ile, ule wa noti ya A, ulikatika pale ulipopinda juu ya daraja, usiku wa manane, katika chumba cha bweni la chuo, zikiwa zimesalia wiki tano tu kabla ya mahafali. Kijana aliyekuwa ameipakata alihisi moyo ukimpasuka pamoja na uzi.

Chombo hicho hakikuwa chake. Mwenzake waliyeishi naye chumba kimoja kwa miaka mitatu alimwachia alipokwenda kufanya mazoezi ya ualimu mbali na chuo. "Nitunzie, ndugu yangu," alimwambia. "Siku ya kufuzu nitaichukua." Amana, kwa mtu aliyefunzwa akafunzika, ni deni lisilohitaji hati.

Asubuhi yake alikwenda mjini. Mwenye duka la ala za muziki alimkabidhi nyuzi za gitaa, za chuma. "Kijana, uzi ni uzi," alisema. "Hizi hazitakukatikia tena." Maneno yale yalimburudisha kama maji ya mtungini. Akanunua, akafunga, akakaza. Siku ya pili ubao wa mbele ulikuwa umefura, na nyuma ya daraja umejitokeza ufa mwembamba kama unywele. Alizilegeza nyuzi zile mikono ikimtetemeka. Kweli hazikukatika. Kilichokuwa kikikatika ni chombo chenyewe!

Hapo ndipo alipoanza kuuliza maswali ambayo angalipaswa kuuliza mwanzo. Alisoma kuwa ukulele ilizaliwa Hawaii baada ya wahamiaji wa Kireno kutoka Madeira kutia nanga Honolulu mwezi Agosti mwaka 1879, katika merikebu iliyoitwa Ravenscrag. Miongoni mwao walikuwemo mafundi seremala, akiwemo Manuel Nunes, na ala yao ndogo ya nyuzi nne iliitwa machete. Wenyeji waliipa jina ambalo aghalabu hufasiriwa kuwa kiroboto arukaye. Nyuzi zake za awali zilitengenezwa kwa utumbo wa wanyama. Nailoni ilishika nafasi hiyo baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ubao wake mwembamba haukukusudiwa kuhimili mvuto wa chuma.

Akatafuta basi nyuzi za nailoni za ukulele ya kawaida. Nazo zikamtia fadhaa nyingine: zililegea, zikagongagonga shingo, sauti ikawa ya kukoroma. Kumbe ukulele ya kawaida huwa na uzi wenye urefu wa takriban sentimita 35 kutoka kichwani hadi darajani, ilhali hii ya mwenzake, iliyo ndogo zaidi, ilikuwa na sentimita 28. Uzi ule ule ukitakiwa kutoa noti ile ile katika urefu uliopungua hadi nne ya tano, mkazo wake hushuka hadi asilimia 64. Angeweza kupandisha noti zote kwa nusutoni nne ili kuurudisha mkazo, lakini nyimbo za mwenzake zingekuwa juu mno kwa koo lake. Njia iliyobaki ilikuwa kutafuta nyuzi nzito zaidi.

Mwisho wa juma alisafiri hadi kwao Siaya, chombo kikiwa kimefungwa ndani ya shuka. Babu yake alikuwa mpiga nyatiti. Mzee aliipokea ukulele, akaupapasa ufa, akanyamaza kitambo.

"Nani aliyeipasua?"

"Ni mimi, Babu. Nilitafuta uzi wenye nguvu."

"Mjukuu wangu, uzi hauchaguliwi kwa nguvu zake. Huchaguliwa kwa mti utakaoubeba."

Mzee alimweleza kuwa zamani nyatiti ilifungwa kano za ng'ombe, na kwamba yeye sasa hutumia nailoni ya wavuvi wa ziwani. Nyuzi zake nane hazikuwa za unene mmoja. Alitoa vibunda vya nailoni, akawa anavuta kila uzi kwa kidole na kuusikiliza. Kijana naye alikuwa na karatasi yenye hesabu. Ajabu ni kwamba kidole na karatasi havikutofautiana sana: milimita 0.6 kwa noti ya A, 0.65 kwa G, 0.75 kwa E na milimita 1 kwa C. Kwa vipimo hivyo, kila uzi ungevuta kwa uzito wa takriban kilo mbili, na hakuna ambao ungeulemea ubao peke yake.

Ufa ulizibwa kwa gundi ya mbao na kubanwa usiku kucha. Nyuzi zilipofungwa, zilishuka sauti kila baada ya dakika chache, kwa kuwa nailoni mpya hutanuka; ilimbidi azikaze asubuhi na jioni kwa siku kadhaa hadi zikatulia. Uzi wa C, kwa unene wake, ulibaki na sauti nzito iliyofifia kidogo. Hakuwa na la kufanya.

Siku ya mahafali mwenzake alifika. Kabla ya kumpa mkono, kijana alimwonyesha ufa. Alieleza yote: duka, chuma, woga wake. Mwenzake aliupitisha ukucha juu ya alama ile, asiseme neno. Kisha akaipakata ukulele, akapiga nyuzi zote nne kwa pamoja.

"Hii C imezeeka," alisema hatimaye, akitabasamu.

"Ni ya babu," kijana akajibu.

Wahenga walisema kila chombo kwa wimbile. Kidogo hakiombi kuvishwa nguo za kikubwa ili kipate heshima. Huomba kupimwa kwa kipimo chake. Jioni ile, chini ya miti ya chuo, ukulele iliimba, na ufa wake haukusikika.